Gari Jipya Lenye Utepe

11 Novemba
Upepo wa jangwani umeingia. Midomo imepasuka, na mlangoni pa banda la gari pamejaa vumbi la kutosha kupandia vitunguu. Msimu wa moto umeanza, nami nimenunua daftari. Kituoni tuna kitabu cha matukio, lakini kile kinataka saa, mahali na idadi ya waliofika. Hakina nafasi ya mtu kusema amechoka. Mimi nimechoka. Naitwa Ayine Atubga, dereva wa gari la zimamoto la mji wa Kulbisi. Ni gari moja kwa mji mzima, na nimeliendesha miaka kumi na tisa. Tarehe 31 Machi nastaafu.

Gari lenyewe tunaliita Yaaba, yaani babu. Tangi lake linavuja. Kila asubuhi kabla sijagusa uji nalijaza kwenye bomba nene la uani, kisha naziba nyufa kwa sabuni ya mche na pamba. Ikifika jioni limebaki nusu. Kesho yake naanza upya. Mshale wa kuonyesha maji ulikufa zamani, kwa hiyo najua yamo kwa sababu nimeyatia mwenyewe.

Mjini wanasema zimamoto huja kutazama moto. Watoto wa shule wametutungia na wimbo. Mwaka jana mtaa wa Zongo tulifika na robo tangi, mzee mmoja akafia chumbani kwake, nasi tukapigwa mawe. Sikuwalaumu, na mimi ningerusha. Nina haja moja tu kabla ya kurudisha sare: walau mara moja nifike kwenye moto mkubwa nikiwa na maji ya kutosha.

14 Novemba
Nyasi zimeungua nyuma ya shule ya wasichana. Tumezizima kwa matawi ya mwarobaini.

19 Novemba
Mkuu wetu wa kituo, Afande Bayor, ni Mdagaaba. Sisi Wafrafra na wao ni watani tangu enzi za mababu. Anaweza kuniita mtumwa wake mbele ya mke wangu, nami naweza kumpokonya nyama sahanini, na atakayenuna ndiye mwenye kosa. Leo ametoka ofisini anapepea karatasi.

"Mtumwa wangu, sogea usikie habari za waungwana."

"Waungwana gani, Afande? Hawa ambao mbwa wakiwaona wanapanda miti?"

"Mbwa wanapanda miti kwa sababu yenu ninyi mliokula kichwa cha mbwa mkatuachia mkia! Nyamaza. Tumepewa gari jipya. Barua hii hapa, mhuri huu hapa. Tangi lita elfu nane."

Talata, binti anayeshika pampu yetu, alikuwa chini ya Yaaba na spana. Akatoa kichwa. "Elfu nane za maji, Afande, au za maneno?"

Tukacheka wote watatu. Lakini barua za namna hii nimeshaona tatu, na mhuri haujawahi kuzima hata jiko la mkaa.

28 Novemba
Hakuna kitu. Vumbi tu.

6 Desemba
Nyumba ya fundi seremala imeshika moto mchana. Yaaba akakataa kuwaka, tukamsukuma hadi barabarani, akazimika tena mbele ya soko. Ilikuwa siku ya soko, maana letu huja kila baada ya siku tatu, na watu walijaa. Mama Teni, mkuu wa wanawake wa sokoni, akaja kajifunga kitenge kiunoni, nyuma yake kundi zima la wauza karanga na samaki wakavu.

"Ayine, tukusukume, au tukubebe wewe na gari lako mgongoni?"

"Sukumeni, Mama. Matusi mtanipa nikirudi."

"Matusi ni bure, mdogo wangu, tunakupa sasa hivi na ukirudi tunakuongeza."

Mdogo wake wa damu, Azumi, anayeuza viungo vya mchuzi, alikuwa anacheka hadi anasahau kusukuma. Yaaba akawaka. Tulipofika, seremala alikuwa amekaa juu ya kigogo anatazama majivu. Hakututukana, na hilo limeniuma kuliko mawe.

24 Desemba
Lamisi, mke wangu, ananiuliza gari jipya litakuja lini. Mji mzima unaniuliza mimi. Nimewajibu kwamba mimi ni dereva, si nabii.

8 Januari
Limekuja kweli.

Saa nne asubuhi tumesikia king'ora ambacho si chetu. Jekundu, refu, vioo vinameta, mipira ya maji imekunjwa safi kama nguo za bibi harusi. Talata amelizunguka mara mbili. Afande Bayor amevua kofia. Watoto wamekuja mbio, na wimbo wao wa kututukana wameusahau kabisa.

Dereva aliyelileta kutoka Akra akamkabidhi Afande funguo na bahasha. Ndani mna barua: gari lisiendeshwe mpaka Waziri aje kulizindua rasmi, tarehe itatajwa. Mbele, kutoka kioo hadi kioo, limefungwa utepe mpana wenye rangi za bendera. Tumeliingiza bandani kwa kulisukuma, watu kumi na wawili, ili mtu asije akasema tuliliendesha. Yaaba ametolewa nje, juani.

Nimekasirika, na naona haya kuandika kilichonikasirisha. Nililia miaka yote nipewe gari, na leo limekuja nikaona limemtoa babu yangu kitandani. Kipya kinyemi, wanasema. Mimi sikutaka hata kuligusa.

9 Januari
Nimemjaza Yaaba, nikamziba nyufa. Lile jingine nimelipita.

15 Januari
Uzinduzi ulikuwa ufanyike kesho. Waziri amesafiri. Maturubai yaliyokwisha kufungwa yamefunguliwa.

23 Januari
Uzinduzi ulikuwa ufanyike leo. Kuna mazishi ya chifu mkubwa mkoa wa jirani, Waziri yuko huko. Wapiga ngoma walishakuja, wamekula wali wa kunde wakarudi kwao. Talata kapangusa lile gari vumbi kwa mara ya sita, nami nikamwambia aache, hatulipwi kufuta mali ya Waziri.

"Baba Ayine, mbona unalinunia gari? Limekukosea nini?"

"Silinunii. Barua imesema tusiliguse."

"Imesema tusiliendeshe."

"Ni yale yale."

Akanitazama, akarudi kwenye kitambaa chake.

24 Januari
Nimemjaza Yaaba.

30 Januari
Uzinduzi umesogezwa tena. Safari hii hakuna sababu iliyotajwa.

Mama Teni amekuja kituoni na Azumi kuliona gari kwa macho yao. Wakasimama mlangoni mwa banda kama wako kanisani. Mama Teni akauliza siku moto ukija utepe huo ataukata nani.

"Mama, huo ni wa Waziri," Afande akasema.

"Na moto nao ni wa Waziri?"

Azumi akapita chini ya mkono wa Afande, akaligonga tangi kwa kidole. "Hili litakuja kwetu, eeh, Kaka Ayine? Likija sitaogopa tena."

Nikamwambia litakuja. Mtu angejibu nini kingine?

3 Februari
Upepo tangu alfajiri. Lamisi amemwagia uwanja maji mara tatu. Yaaba hakuwaka hata kwa kusukumwa, klachi imekwisha. Fundi anasema kifaa kitapatikana mji mkubwa, siku tano, labda kumi.

Nimemjaza hivyo hivyo. Mkono umezoea.

8 Februari
Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Ilikuwa siku ya soko. Saa tano na robo mtoto wa kinyozi alikuja anapiga kelele sokoni kunaungua, lakini moshi tulishauona. Moto ulianzia kwa wauza mafuta ya taa ya chupa, upepo ukausukuma kwenye safu ya viungo na vitambaa, na vibanda vile vyote ni mbao kavu na mikeka.

Nilikimbilia kwa Yaaba kwa mazoea. Nilishakaa kitini, mkono kwenye gia, ndipo nikakumbuka. Nikashuka. Afande Bayor alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi na funguo za gari jipya mkononi.

"Afande," nikasema.

"Najua."

"Afande, sokoni kuna watu elfu mbili."

"Nimesema najua!" Akanitupia funguo. "Nenda, mtumwa wangu. Nenda upesi."

Hakucheka, wala mimi sikucheka. Talata aliruka juu, nikapiga stata, gari likawaka mara moja kwa sauti ndogo kiasi kwamba nilidhani halijawaka. Tulipotoka bandani utepe ulikatika wenyewe, ukashika kwenye kioo cha pembeni, tukaenda nao unapepea.

Sijawahi kuendesha hivyo maishani mwangu. Halikukohoa mlimani, halikuzimika njia panda. Watu walipisha. Tulipokata kona ya msikiti nikasikia kelele, nikajua mawe yanakuja, nikainamisha kichwa. Hayakuwa mawe. Walikuwa wanashangilia. "Jipya limekuja! Jipya limekuja!" Wanaume wazima walikuwa wanarukaruka. Machozi yakanilengalenga. Nitasema ukweli wote humu: dakika ile nilifurahi. Safu nzima inaungua mbele yangu, nami nimefurahi, kwa sababu nimefika.

Nikaegesha upande unakotoka upepo. Talata na vijana wawili wakavuta mpira. Wanawake walikuwa wamesimama nje ya safu ya viungo, wameshika vichwa, wote wamekwisha kutoka. Azumi alikuwa mbele yao. Aliliona gari, akaniona mimi, akapiga makofi mara moja. Kisha akageuka akaingia tena kibandani kwake.

"Azumi!" Mama Teni akaita.

"Natoa gunia moja tu! Gari limeshafika! Kaka Ayine, nimwagie hapa mlangoni!"

Nikamwonyesha Talata mlango ule. Talata akafungua pampu. Ikalia sauti kavu, ya juu. Mpira ukabaki umelala chini.

Akafungua tena. Akazunguka akagonga tangi kwa ngumi, na mlio wake niliusikia mpaka kwenye kiti cha dereva. Alinitazama kupitia kioo. Hakuna aliyelijaza. Siku thelathini na moja lilikaa bandani, hatua kumi na tano kutoka kwenye bomba, na ndani hamkuwa na hata tone.

Sikumbuki nilisema nini. Nakumbuka Talata alipiga kelele, "Yaaba! Yaaba ana maji!" Nikageuza gari. Watu waliotushangilia waliona tunaondoka. Hapo ndipo mawe yakaja, na la kwanza likavunja kile kioo chenye utepe.

Kituoni Afande aliona tunavyoingia akaelewa bila kuambiwa. Tukachomeka mpira kwenye tangi la mzee, pampu ya jipya ikanyonya mpaka Yaaba akabaki mtupu. Tukarudi. Safari hii maji yalitoka, yenye nguvu, na tukaukata moto kwenye safu ya nafaka. Soko lililobaki limebaki kwa sababu ya maji yale. Ukikisoma kitabu cha matukio, tumefanya kazi nzuri.

Safu tatu zimeteketea. Amekufa mtu mmoja.

9 Februari
Tumemzika Azumi. Sikusogea karibu.

10 Februari
Sikwenda kazini. Lamisi ameniwekea ugali wa mtama na mchuzi wa bamia, nao umepoa mbele yangu. Nimemtukana Waziri siku nzima, na chifu aliyekufa, na maturubai, na mwandishi wa barua. Lamisi alinisikiliza hadi jioni, kisha akaingia kulala.

13 Februari
Maofisa watatu wamekuja kutoka mkoani kuchunguza. Walikaa ofisini, wakatuita mmoja mmoja, lakini ukuta ni mbao na kila kitu kinasikika. Swali lao lilikuwa moja tu: nani aliyeamuru gari liendeshwe kabla ya kuzinduliwa?

Nilipoingia nilijibu ni mimi, nilichukua funguo. Bado miezi isiyofika miwili nistaafu, watanifanya nini? Afande Bayor akafungua mlango bila kubisha.

"Msimsikilize huyo. Huyo ni mtumwa wangu. Mtumwa akivunja chungu anaulizwa bwana wake."

Mmoja wa maofisa alikuwa Mfrafra, akacheka hadi akafuta macho. Wenzake nao wakacheka. Afande akangoja wamalize. "Sitanii," akasema. "Funguo zilikuwa kwangu. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu. Andikeni."

Wakaandika. Hakuna aliyeuliza habari za maji.

14 Februari
Afande ameacha faili wazi mezani, nikaisoma ile barua mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mistari minne. Lisiendeshwe mpaka lizinduliwe. Nimeisoma kama mtu anayetafuta sindano. Hakuna neno maji. Talata aliniambia, nikamjibu ni yale yale.

Miaka kumi na tisa nimejaza tangi bovu kila alfajiri bila kuagizwa na mtu. Siku thelathini na moja nilibeba mpira huo huo nikalipita tangi zima, kwa sababu nimenuna. Nimewalaani wakubwa wote wa nchi hii, na bomba lilikuwa mkononi mwangu.

21 Februari
Afande Bayor amehamishwa, anakwenda kituo kisicho na gari kabisa. Nilimbebea sanduku hadi stendi.

"Kaa vizuri na bwana wako mpya," akasema. "Huyo si Mdagaaba, ukimtukana atakushtaki."

"Afande, lile tangi..."

"Ayine." Hajawahi kuniita kwa jina. "Na mimi nilipita pale kila siku."

Basi likaondoka. Sikuwa na tusi la kumpa, na kwetu kumwacha mtani aende bila tusi ni kama kumzika.

2 Machi
Talata amelijaza gari jipya. Hakuniambia, niliona mpira umelowa.

8 Machi
Waziri amekuja.

Kioo kimewekwa kingine, rangi iliyokwaruzwa imepakwa, na utepe mpya umefungwa palepale. Maturubai sita, viti mia tatu, wapiga ngoma. Wanawake wa soko wamewekwa safu ya mbele, wamegawiwa vitambaa vya kichwa vya sare ili wapendeze kwenye picha. Mama Teni alikuwa katikati. Hotuba zilikuwa tano. Waziri akasema leo Kulbisi imevuka kutoka gizani, watu wakapiga makofi, naye akakata utepe kwa mkasi uliowekwa kwenye mto.

Kisha nikaamriwa niendeshe hatua ishirini, nisimame, na Talata arushe maji juu kwa ajili ya maonyesho. Nikaendesha. Maji yakapanda hadi juu ya paa la banda, meupe, mengi, yakaangukia uwanja mkavu. Watoto wakakimbilia chini yake. Ngoma zikapigwa. Tulimwaga dakika nzima hewani, na safu nzima ya mbele haikupiga makofi.

Waziri alipoondoka vijana wakaanza kukusanya viti. Mama Teni alibaki ameketi. Kitambaa cha sare alikuwa amekivua, amekikunja mapajani. Nikamwendea, maana nimekwepa macho yake mwezi mzima na sina nguvu tena ya kukwepa.

"Pole na kazi, Ayine."

"Pole na msiba, Mama."

"Maji haya yalikuwa wapi siku ile?"

Ningeweza kumwambia habari za barua. Mji mzima unazijua na mji mzima umenisamehe kwa sababu ya barua.

"Yalikuwa bombani, Mama. Hapo uani. Walikataza tusiliendeshe, hawakukataza tusilijaze. Kazi ya kujaza ni yangu. Sikulijaza."

Alilitazama lile gari, bado linachuruzika ubavuni. Kijana akaja kuomba kiti, akamwashiria angoje.

"Kulijaza kunachukua muda gani?"

"Dakika ishirini."

"Ishirini," akasema.

Akainuka, akajifunga kitenge upya, akashika njia ya sokoni. Hakuniaga.